Kama Arobaini na Tatu

Wiki ya mwisho kabla sijarudisha ufunguo wa ofisi, Aline, ambaye sasa anakaa kwenye meza yangu, aliniuliza kwa nini kila toleo jipya la programu yetu ya kutafuta watu linaanza na jaribio lile lile la majina mawili, Hasani na Huseni.

"Mzee, iyi test ni ya zamani sana. Naweza kuifuta?"

Nilimwambia asiifute, nikaenda kunywa chai. Hilo halikuwa jibu. Sasa ni mwezi wa pili niko nyumbani, mtaa wa Bwiza, asubuhi ni ndefu kuliko nilivyodhani, na nimeona nimwandikie yeye na wenzake jibu lenyewe. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Mimi si msomi. Nilisoma shule ya msingi na miaka mitatu ya sekondari, kisha nikajifunza kupiga chapa kwa fundi mmoja wa mtaa wa Buyenzi aliyekuwa akitengeneza mashine za kupigia chapa na kufundisha juu ya zile ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua. Vita ilipokuwa na mwaka na nusu, ofisi moja ya misaada ikatafuta watu wa kuingiza majina kwenye kompyuta. Nilikuwa sijawahi kugusa kompyuta. Nilipoulizwa nikasema hivyo hivyo. Mwanamke aliyekuwa ananiuliza akasema, "Vizuri. Wenzako wote wamesema wanajua."

Huyo alikuwa dada Rukia. Alizaliwa katika ukoo wa wauza vitambaa, Waomani wa zamani wa hapa mjini. Alikuwa amesoma kompyuta nje akarudi, na ndiye peke yake aliyeelewa programu ile kwa ndani. Alinizidi miaka kama kumi. Mkononi alikuwa na tasbihi ndogo ya marehemu baba yake, punje thelathini na tatu, na baada ya kila punje kumi na moja palikuwa na kipande kirefu cha kuzitenganisha. Iwekeni moyoni tasbihi hiyo, maana itarudi.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga pale barabara inapoanza kupanda kilima cha Kiriri. Siku ya kwanza nilipewa kiti, kompyuta yenye herufi za kijani, na rundo la karatasi. Karatasi zilitoka kwenye kambi za wakimbizi ng'ambo ya ziwa na mpakani, nyingine zilitoka kwenye shule na misheni za hapa ambako watu walikuwa wamelala sakafuni. Kila mtu alikuwa mstari mmoja: jina, jina la baba, jina la mama, mwaka wa kuzaliwa, mtaa, au kilima kwa watu wa vijijini, na mwisho, anatafuta nani. Kutoka dirishani niliona ziwa lote, na nyuma yake milima ya Kongo, ya bluu, ambayo siku nyingine ilikuwepo na siku nyingine haikuwepo. Nilipiga majina huku nikiitazama. Ilifika mahali sikujua kama naingiza majina kwenye mashine au nayasikia yakiitwa kutoka kule. Printa ilikuwa kwenye kona, ikilia kama cherehani inayoshona bati.

Siku ile ile ya kwanza nilijaza karatasi yangu mwenyewe. Hasani, mwana wa Ramadhani na Mwajuma, Bwiza. Anatafuta: Huseni.

Huseni alikuwa pacha wangu. Mimi nilitangulia. Mama alikuwa akisema nilitoka, nikaitazama dunia, kisha nikamwita mwenzangu aje aone. Mtaani hakuna aliyejisumbua kututofautisha. Walituita kwa jina moja, "Hasanuseni", na yeyote aliyekuwa karibu aliitika. Yeye alikuwa fundi wa pikipiki, akifanya kazi kwenye gereji moja ya Cibitoke. Asubuhi moja, watu walipokwisha kuanza kuhama kule, alisema anakwenda kuchukua sanduku lake la spana. "Mi narudi mbele ya chai," alisema. Siku ile mtaa ule ukabaki bila watu. Hakurudi, na wala hapakuwa na mtu aliyemwona akianguka. Kwa hiyo nilikuwa naye katika hali ile isiyo na jina, si ya kumlilia wala ya kumngoja kwa amani.

Nilijifunza programu kwa kuisoma. Dada Rukia alikuwa akichapa programu nzima kwenye karatasi zile ndefu zilizoungana, nami wakati wa mapumziko nilizikunjua. Neno nililolielewa kwanza lilikuwa IF. Sisi tulisema "kama". Kama mwaka ni ule ule, fanya hivi. Kama sivyo, fanya vile. Baada ya miezi kadhaa nilianza kupewa marekebisho madogo, na jambo moja ni lazima nilikiri: nilikuwa mwepesi. Tatizo lililokuja asubuhi, mchana nilikuwa nimelipachikia kama yake.

Tatizo letu kubwa lilikuwa marudio, ambayo kwa Kifaransa cha ofisi tuliyaita *doublon*. Mtu mmoja aliweza kuandikwa kambi mbili, tatu, akihama kutafuta chakula. Kabla programu haijalinganisha wanaotafuta na wanaotafutwa, sehemu moja iliyoitwa hivyo hivyo, DOUBLON, ilikuwa ikipita kwenye mistari yote na kuondoa iliyorudiwa. Ilianza ikiwa na kama nne. Kisha tukaona kwamba mtu huyo huyo hapa anajiita kwa jina la ubatizo na kule kwa jina la Kirundi. Nikaongeza: kama baba ni yule yule, mama ni yule yule, mwaka na kilima ni vile vile, basi hata jina likiwa lingine, ni mtu mmoja. Siku iliyofuata mama mmoja akaja akilia kwamba amerudishiwa Bukuru wake lakini Butoyi hayupo. Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba Bukuru na Butoyi ni majina ya mapacha. Mashine haikujua. Nikaongeza: kama ni Bukuru na Butoyi, usiondoe. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaandika chini yake: kama ni Hasani na Huseni, usiondoe.

Mstari huo niliuandika kwa mkono wangu. Naomba mkumbuke.

Baadaye ikaja shida ya herufi. Kambi hii wanaandika Mohamedi, ile Muhammad. Hapa Elise, pale Erisi. Nilikaa siku mbili nikatunga dawa: futa irabu zote, herufi iliyorudiwa ihesabiwe mara moja, L ifanywe R. Mohamedi na Muhammad wote wakawa MHMD. Ilikuwa dawa nzuri sana. Wiki ile tulipata watu wengi waliokuwa wamelala mbele ya macho yetu. Déo, mwenzangu wa kuingiza majina, alinipigia makofi. "Hasani, we ni docteur! Unawatoa watu meno, wanapona." Nikaweka sheria mpya ndani ya DOUBLON: kama majina yasiyo na irabu ni sawa, na wazazi na mwaka ni sawa, ni mtu mmoja, ondoa wa pili, usiendelee chini. Niliipachika juu kabisa, kwa sababu juu ndiko nilikoona nafasi.

Mistari iliyoondolewa ilichapwa kwenye karatasi za peke yake. Hakuna aliyezisoma. Ziliwekwa kwenye katoni chini ya printa.

Siku zikapita. Kuna wakati mji ulifungwa, tukakaa majumbani siku kadhaa, tukirudi tunakuta vumbi kwenye vitufe na karatasi mpya mlangoni. Kila orodha ya kambi ilipokwisha kuingizwa, nilianza kwa kuiuliza mashine jina moja, kisha nikafanya kazi. Programu ilikuwa ikijibu kwa upole ule ule: hakuna. Nilianza kuikubali sauti hiyo. Nyumbani mama aliacha kuniuliza kwa mdomo, alikuwa akiniangalia tu wakati navua viatu.

Kisha DOUBLON ikaanza kuchukua asubuhi nzima kumaliza kazi, na ukibadilisha kitu juu, kinavunjika kitu chini. Dada Rukia akaja na DOUBLON nzima imechapwa kwenye karatasi zile ndefu, akaitandika sakafuni kwenye ukumbi, akakaa kwenye kigoda.

"Hasani, hii kitu yako iko na kama ngapi?"

"Sijue, dada. Nyingi."

"Nyingi si hesabu. Soma, mi nahesabu."

Nilipiga magoti nikasoma, mstari kwa mstari, na kila nilipotamka kama, yeye alisukuma punje moja. Déo alikuwa akipita na chai.

"Dada Rukia! Makosa ya Hasani unayahesabia kwa tasbihi? Si haramu iyo?"

"Kwa kila moja nasema astaghfirullah," alijibu bila kuinua macho. "Ya kwako ikifika itabidi niazime tasbihi za musikiti muzima."

Punje zikaisha, akaanza upya. Nilipofika mwisho alikuwa amesukuma nyingine kumi. Kama arobaini na tatu.

"Angalia, ndugu yangu. Kama moja inafungua njia mbili. Hesabu kama zako, ongeza moja. Hapo umepata njia ambazo lazima uzipite mwenyewe kwa miguu, uone zinafika wapi. Na hizo ni za chini kabisa, ukitaka kuwa muaminifu. Arobaini na nne. Umepita ngapi?"

"Ile ya mwisho niliyoandika," nilisema.

"Moja."

"Ndiyo."

"Ni kama nyumba ya Buyenzi. Kila mutoto akioa anaongeza chumba, mwisho babu hana mulango wa kutokea."

Sheria zake zilikuwa tatu, na nimeishi nazo miaka yote. Sehemu ya programu isizidi kama kumi na moja. Nilimuuliza nani amesema kumi na moja, akanionyesha kile kipande kirefu: "Tasbihi." Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba wenye elimu wanasema kumi. Hiyo moja ya tofauti naiweka kwa marehemu baba yake. Ya pili ilihusu kama iliyo ndani ya kama iliyo ndani ya kama, maana kila ya ndani huandikwa ikisogezwa kulia kidole kimoja: alikuwa akiweka vidole pembeni mwa karatasi, na mistari ikisogea kulia zaidi ya vidole vitatu, alipiga kalamu nyekundu. Ya tatu ndiyo niipendayo zaidi. Alinitaka niseme kwa sentensi moja sehemu hiyo inafanya nini. Nikasema, inasafisha majina na inalinganisha wazazi na inaondoa marudio na inachapa karatasi. "Kila *na* ni mukasi," akasema. "Kata hapo."

Tulikata wiki tatu. Sehemu ya kusafisha majina ikawa peke yake, ya kulinganisha wazazi peke yake. Ilikuwa kazi ya utulivu wa ajabu. Nje kulisikika mambo ambayo siyataki hapa, ndani tulikuwa tukinyoosha mistari kama mtu anayefumua mtandio uliofumwa vibaya. Kila kipande tulikijaribu kabla ya kugusa kingine. Na kwa jaribio la kwanza la DOUBLON ya zamani, ili tujue inafanya nini kabla hatujaugusa moyo wake, dada Rukia akaniambia nimwekee majina ninayoyajua kwa kichwa, nisitazame karatasi.

Nikaandika nyumba yetu. Ramadhani, marehemu baba. Mwajuma, mama. Dada zetu wawili, Zainabu na Asha. Mimi. Huseni.

Tuliingia sita. Tukatoka watano.

Nilidhani nimeruka mstari. Nikaandika tena. Watano. Dada Rukia akainama kwenye kioo cha kompyuta, akasoma polepole: "Ramadhani. Mwajuma. Zainabu. Asha. Hasani." Akaniuliza, "Huseni ameenda wapi?"

Swali hilo nilikuwa nimeulizwa mara nyingi, lakini si kuhusu mashine.

"Mistari ya mapacha iko," nilisema. "Niliiandika mi mwenyewe. Iko chini pale."

"Tumufuate. Mi naenda na kidole, we sema."

Tukamfuata ndugu yangu kwenye karatasi. Kama ya kwanza: ondoa irabu. Hasani, H, S, N. Huseni, H, S, N. Nilisema herufi hizo kwa sauti. Majina sawa, wazazi sawa, mwaka sawa. Ni mtu mmoja, ondoa wa pili, usiendelee chini. Ile kama ya Hasani na Huseni ilikuwa chini, vidole sita ndani, sahihi kabisa, imeandikwa vizuri, na haikuwahi kufikiwa hata mara moja tangu siku nilipotunga dawa yangu. Mashine ilikuwa imetuita Hasanuseni, kama mtaa.

Dada Rukia aliinua kidole chake kutoka kwenye karatasi. Alisimama, akavuta ile katoni chini ya printa, akaketi nayo sakafuni, bila kujali nguo yake nzuri. Déo naye akaja bila kuitwa. Tukagawana karatasi za waliotolewa, watatu, tukasoma kila mstari tangu adhuhuri mpaka jua likawa limeshuka juu ya milima ya Kongo na ukumbi mzima ukawa wa rangi ya chungwa.

Ni Déo aliyeuona. Alinipa karatasi, kidole chake kikiwa bado pale. Huseni, mwana wa Ramadhani na Mwajuma, Bwiza, kambi ya ng'ambo ya ziwa. Anatafuta: Hasani. Na pembeni, kwa herufi za printa, namba ya mstari wangu mimi, na neno doublon. Karatasi ilikuwa imefika mezani petu miezi saba kabla. Mimi ndiye niliyeipiga? Nimejiuliza. Huenda ni Déo, huenda ni mimi nikiwa nimeangalia dirishani. Hatukuwa tukiandika nani amepiga nini. Nilitafuta jina lake kila siku, lakini nilikuwa nikiiuliza mashine badala ya kuiuliza karatasi.

Ujumbe ulikwenda kwa redio jioni ile ile. Katika siku za kungoja tulichambua katoni yote. Walikuwemo mapacha wengine kumi na wawili, Hasani na Huseni wa mitaa mbalimbali, na kila mara wa pili ndiye aliyefutwa. Bibi mmoja wa Buyenzi alikuwa ametafuta wajukuu wake wawili akaambiwa amepatikana mmoja. Nilikwenda mwenyewe kumwambia kwamba hata Huseni yupo. Alinishika mikono yote miwili, akaniuliza mimi naitwa nani ili aniombee. Nikamwambia. Akacheka mpaka machozi. "Basi na we uko na wako! Yuko wapi?" Nikasema tunangoja jibu.

Jibu lilikuja siku ya tisa. Dada Rukia aliingia nalo limekunjwa.

"Hasani, kaa chini."

"Nimekaa, dada."

Kweli nilikuwa nimekaa. Hakuwa ameona. Huseni alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa tumbo wakati wa mvua, akazikwa na Waislamu wenzake wa kambi. Tangu mstari wake ulipoingia katika chumba chetu mpaka alipozikwa ilikuwa miezi minne na siku chache. Hesabu hiyo niliifanya mara moja, sikuirudia. Sisemi kwamba ningemuona mapema angepona. Nasema angejua kwamba anatafutwa.

Nilimwambia mama ukweli wote, na ile dawa yangu ya irabu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe ulitoka wa kwanza, ukamwita. Hakusikia." Kisha akaenda kutawadha. Hakulisema tena, wala mimi sijalisahau.

Baada ya siku saba nilirudi kazini. Wenzangu walikuwa wamenisubiri kwa kipande kimoja kilichobaki, moyo wa DOUBLON. Tulikiandika pamoja, kama tano tu. Kama una hakika, ondoa. Kama huna hakika, usiondoe, uliza mtu. Swali tuliliandika kwa Kiswahili chetu, si kwa Kifaransa, kwa sababu waliokuwa wakiketi mbele ya kioo ndicho walichokuwa wakisema. Zamani zile arobaini na tatu zilikuwa mahali pamoja. Sasa zilikuwa zimepungua, na zilizobaki zilikaa katika vyumba sita, hakuna chenye zaidi ya saba, na kila chumba kilikuwa na mlango mtu anaouona.

Tulipofika kwenye jaribio, dada Rukia alisema taratibu, "Tuweke majina mengine. Ali na Musa."

"Apana, dada. Kwa Ali na Musa mashine haiwezi kukosea."

Akaniangalia, akaacha. Nikaandika nyumba yetu, watu sita, nikabonyeza. Herufi za kijani zilitulia kidogo, kisha kioo kikauliza:

HASANI, HUSENI. MUTU MUMOJA AO WAWILI? 1/2

Nyuma yangu nilisikia punje moja ya tasbihi ikisukumwa. Dirishani milima ilikuwepo siku hiyo. Nikabonyeza mbili.

Basi, Aline, dada Rukia ametangulia mbele ya haki, Déo yuko Kanada, na programu ile imeandikwa upya mara nne kwa lugha ambazo mimi naziona kwa mbali. Badilisheni mtakacho. Hesabuni kama zenu kwa mashine, si kwa tasbihi, ni haraka zaidi. Lakini jaribio lile liache mwanzoni, na swali lake liache kwa mtu. Siku likikutokea kwenye kioo, na uko na haraka, na mtu anakuambia linachelewesha kazi, usitafute njia ya mkato. Bonyeza mbili.